Unataka kucheza foili kwa ushindani? Anza na miguu, halafu mfikirie refa

Nilikuwa 4-4 kwenye mechi ya makundi, poiti moja imebaki, nikaingia mbio na ncha yangu ikampata jamaa katikati ya kifua kabisa, niliona upanga ukijikunja vile unavyotakiwa, nikageuka nikapiga ukelele kama nimeshavishwa medali. Taa zote mbili za mashine inayosajili miguso zilikuwa zimewaka, yangu na yake. Refa akanyoosha mkono upande wa mwenzangu. Shambulizi lake, poiti yake, mechi imeisha. Nikanuna siku nzima, na kocha hakunibembeleza wala nini, aliuliza tu, "mkono ulinyoosha saa ngapi?" Nikakosa la kusema. Kumbe nilikimbia mita nzima kiwiko kikiwa kimekunjwa, mwenzangu akanyoosha wa kwake nikiwa bado niko njiani, na refa akaona kitu ambacho mtu yeyote aliyesimama pembeni angekiona, kwamba aliyeanza ni yeye.

Nimeanza na aibu hiyo makusudi, maana wengi wanaoingia kwenye vitara, yani huu mchezo wa kupigana kwa panga, wanadhani foili ni kumchoma mwenzako kabla hajakuchoma. Hapana aisee. Foili ni kumchoma halafu refa akubali kwamba ilikuwa zamu yako. Mimi ilinichukua kama miaka mitatu kulielewa hilo, we ukilielewa leo utakuwa umeokoa muda mwingi sana.

Kwa ambaye ndo anaingia, vitara vina silaha tatu. Epei unapiga mwili mzima na hakuna habari ya zamu, mkigusana pamoja wote mnapata. Seba ni kuanzia kiunoni kwenda juu na unaruhusiwa kukata. Foili ni ncha tu, na kiwiliwili tu, yani kifua, tumbo, mgongo, mabega, kinena, na ile sehemu ya chini ya kitambaa cha maski kinachofunika shingo. Ukimgusa mkononi, mguuni au kichwani inawaka taa nyeupe, mchezo unasimama, hakuna anayepata kitu, mnarudi kuanza pale mlipofikia. Upanga wenyewe hauruhusiwi kuzidi gramu 500, bapa lake lisizidi sentimita 90. Ni chuma chepesi, ndo maana watoto wengi wanaanzishwa nacho, lakini usidanganyike na huo wepesi.

Miguu kwanza

Miezi ya mwanzo kocha mzuri atakuchosha na miguu mpaka utamchukia. Kusonga mbele, kurudi nyuma, lanji, kusonga tena. Usimkimbie huyo. Kimbia yule anayekuachia upigane siku ya pili kwa sababu darasa linakuwa na raha, maana tabia mbaya ya miguu unayoizoea mwaka wa kwanza utaenda nayo mpaka uzeeni.

Lanji yenyewe iko hivi. Mkono unatangulia, unanyooka bila haraka kubwa, bega limelegea, ncha inatazama kifua cha mwenzako. Kisha vidole vya mguu wa mbele vinainuka, mguu unateleza karibu na sakafu, kisigino kinatua kwanza. Mguu wa nyuma unajinyoosha kama umefyatuliwa, ila unyayo wake unabaki umelala sakafuni. Goti la mbele lisipite vidole wala lisiingie ndani, hapo ndo watu wanapoharibu magoti. Mpe mwenzako simu akurekodi kutoka ubavuni, halafu mtazame polepole, na uangalie kitu kimoja tu: je, mkono umeanza kabla ya mguu? Nakwambia ukweli, mara kumi za kwanza utakuta mguu umetangulia na utabisha kwamba simu imekosea.

Zoezi ninalolipenda ni la glavu. Mwenzako anasimama mbele yako ameshika glavu juu, umbali wa lanji moja, anaiachia bila kukwambia, na we unapiga lanji uibane ukutani au uidake kabla haijafika chini. Ukianza na mguu huipati. Lingine, wekeni fimbo fupi katikati ya viganja vyenu, mmoja anaongoza anaenda mbele na nyuma, mwingine anafuata, fimbo isidondoke. Linachosha na linaonekana la kitoto, ila hapo ndo unajifunza umbali, na mtu mwenye umbali mzuri anamshinda mwenye mkono mzuri siku nyingi za mwaka.

Kuhusu mshiko, wengi wa foili wanatumia ule wa bastola kwa sababu unakaa vizuri kiganjani na una nguvu ya kuzuia. Ule wa Kifaransa ulionyooka makocha wengine wanauanzisha kwanza ili vidole vifanye kazi. Mwachie kocha aamue, sio jambo la kugombana.

Zamu, na huyu mtu anayeitwa refa

Sasa tukae hapa kidogo. Taa mbili zikiwaka, refa anajiuliza nani alikuwa na haki ya kushambulia. Haki hiyo unaipata kwa kunyoosha mkono ukitishia kiwiliwili huku unaenda mbele. Mwenzako akitaka kuichukua lazima afanye kitu: azuie upanga wako kwa wake halafu ajibu, au akufanye ukose. Ukizuiliwa zamu imehama, na jibu lake nalo ukilizuia zamu inarudi kwako, na hivyo hivyo. Akiamua tu kukuchomekea katikati ya shambulizi lako bila kuzuia, taa zote zikiwaka yeye hana haki. Kitu pekee kinachoweza kumwokoa ni saa ya mashine, maana mguso wa kwanza ukisajiliwa, mwingine una kama milisekunde 300 tu kabla mashine haijafunga. Ukichelewa zaidi ya hapo taa inawaka moja, na refa hana la kujadili.

Zamani muda huo ulikuwa mrefu zaidi, na ncha ilihitaji kugusa kidogo sana ili isajili. Mwaka 2005 wakabadilisha, ncha ikatakiwa kukaa karibu milisekunde 14, na mchezo ukabadilika, ile mipigo ya kurusha upanga kama fimbo ya kuvulia ili ncha itue mgongoni ikapungua sana. Bado ipo, na bado inauma.

Ninachotaka ukishike ni hiki, cheza shambulizi ambalo linaonekana. Refa amesimama pembeni, anaangalia watu wawili wanaoenda kasi, hana muda wa kusoma nia yako. Ukisita nusu hatua katikati, ukivuta mkono nyuma ili upate nguvu, we moyoni unajua bado unashambulia, yeye ameona umesimama, na aliyeingia wakati umesimama amekushambulia kwenye maandalizi. Poiti yake. Kwa hiyo mazoezini usiishie kuuliza "nimempata?", uliza na "mtu wa pembeni angesemaje?"

Njia ya haraka ya kujifunza hili ni kurefa wewe mwenyewe. Kila siku ya klabu refa mechi mbili tatu za wadogo. Taja kwa sauti: shambulizi kutoka kushoto, limezuiwa, jibu kutoka kulia, poiti. Utakosea, utazomewa, utajifunza. Maneno ya kimataifa ni Kifaransa, "En garde! Prêts? Allez!" na "Halte!" ya kusimamisha, yazoee mapema yasije yakakushtua kwenye mashindano makubwa. Na siku ya mashindano, kama mechi yako ni ya tatu kwenye kundi, usikae na simu, tazama zile mbili za kwanza uone huyu refa wa leo anapenda nini, kuna anayempa mtu anayetembea mbele polepole na kuna ambaye akiona mkono umechelewa tu anakunyima. Usimbadilishe, badilika wewe. Kwenye mashindano ya kimataifa yenye video unaruhusiwa kuomba marudio, moja kwenye mechi ya makundi na mbili kwenye mtoano, ukiwa sahihi haipungui. Usiitumie ukiwa na hasira.

Vifaa, na kwa nini taa nyeupe inakuchekea

Usalama kwanza. Mwaka 1982 kwenye mashindano ya dunia Roma, Vladimir Smirnov wa Umoja wa Kisovieti, bingwa wa Olimpiki wa foili wa 1980, alifariki baada ya upanga wa mpinzani kuvunjika na kipande kilichobaki kupenya maski yake. Bapa la chuma kigumu zaidi, maski imara, nguo za kitambaa kisichotoboka kirahisi, vyote hivyo vilikazwa baada ya siku ile. Kwa hiyo ukiambiwa maski yako ina kutu au wavu umebonyea usibishe, itupe. Mashindano ya kimataifa yanataka nguo za nyutoni 800, yani kipimo cha nguvu ya kuhimili kutobolewa, na maski ya 1600, na ile nusu fulana ya ndani ya kwapa la mkono wa silaha usiiache hata mazoezini, iko pale kwa siku ambayo jaketi litachanika.

Umeme wa foili una tabia ambayo ukiielewa hutababaika tena. Ncha ikiwa imetulia saketi imefungwa, ukiibonyeza saketi inakatika, na mashine inajua umegusa kitu. Sasa pima mwenyewe:

- Taa yako nyeupe inawaka yenyewe hujagusa kitu: waya umekatika mahali, au skrubu za ncha zimelegea. Badilisha waya wa mwilini kwanza, ikiendelea badilisha upanga.
- Unampiga kifuani na hakuna taa kabisa: ncha imekwama au imeshikana na uchafu ndani, saketi haikatiki.
- Unampiga kifuani inawaka nyeupe: jaketi lake la lame, lile la juu linalopitisha umeme, lina sehemu imekufa, au klipu yake imechomoka. Mwombe refa apime, ni haki yako.

Ncha ina skrubu mbili ndogo sana, ukidondosha moja kwenye sakafu ya mbao isahau. Kwa hiyo zifungue juu ya taulo jeupe. Toa ncha, toa springi, futa ndani kwa kijiti chenye pamba, rudisha, kisha simamisha upanga ncha juu na uweke kile kizani cha gramu 500: ukibonyeza ncha nacho kisha ukiachia, springi lazima ikinyanyue. Isipokinyanyua vuta springi kidogo au weka mpya. Sentimita 15 za mwisho za bapa kuanzia kwenye ncha zifungwe utepe, usipofanya hivyo upanga ukigusa lame pembeni mambo yanavurugika na fundi wa mashindano ataukataa. Mashindanoni nenda na panga tatu au nne na waya tatu, maana ukiitwa kwenye pisti, ile njia ya kuchezea, na kifaa hakifanyi kazi unapewa kadi ya njano, ukirudia ni nyekundu, na nyekundu ni poiti ya bure kwa mwenzako. Nimewahi kumuona mtu anapoteza 5-4 na ile ya tano hakupigwa na mtu, ilitoka kwenye begi lake.

Lame ioshe kwa mkono na sabuni laini, usiikamue, itundike. Jasho likikaukia humo ndo linaila. Na usifungie panga pamoja na soksi mbichi, tafadhali.

Siku ya mashindano

Asubuhi ni makundi, kila kundi watu sita au saba, mechi ya poiti 5 ndani ya dakika 3. Halafu wote wanapangwa upya kwa asilimia ya ushindi, wakilingana inaangaliwa tofauti ya poiti ulizofunga na ulizofungwa. Hapa watu wanapuuza. Chukua wawili walioshinda mechi nne kati ya sita. Wa kwanza kashinda 5-1, 5-2, 5-2, 5-3 na kapoteza 4-5 mara mbili, ana jumlisha 10. Wa pili kashinda nne zote 5-4, halafu alipozidiwa akakata tamaa, 0-5 na 1-5, ana toa 5. Ushindi uleule, ila kwenye mtoano aliye juu anapangiwa na watu wa chini na aliye chini anapangiwa na watu wa juu, kwa hiyo wa pili anakutana mapema na mtu ambaye hakutaka kumuona kabla ya nusu fainali. Ukiwa nyuma 0-4, poiti moja tu unayoichukua ina kazi yake mchana.

Mtoano ni poiti 15, vipindi vitatu vya dakika 3, mapumziko ya dakika moja katikati. Mkilingana muda ukiisha inaongezwa dakika moja, na kabla haijaanza inapigwa kura nani atashinda kama hakuna atakayefunga. Aliyekosa kura lazima atafute poiti, mwenye kura anaweza kusubiri, lakini kusubiri sana kuna wauaji wake. Kwenye 15 una nafasi ya kusoma mtu: poiti mbili tatu za kwanza nunua habari. Anazuia upande gani akitishwa? Anarudi nyuma hatua ngapi kabla ya kusimama? Mtishe kwa nusu lanji, ona mkono unaenda wapi, halafu mara ya tatu ufuate huo mkono uupite kwa chini. Kwa wapinzani wanaotumia mkono wa kushoto fanya mazoezi maalum, wapo wengi kwenye foili kuliko mtaani na pembe zao zinakera.

Kula vyepesi, kidogo kidogo, kati ya makundi na mtoano kuna masaa ya kukaa na hapo ndo mwili unapoa. Pasha tena kabla ya kila mechi, hata kama umechoka.

Kupanda ngazi

Umri wa kimataifa uko hivi, kadeti ni chini ya miaka 17, junia chini ya 20, kisha wakubwa. Mashindano ya dunia ya kadeti na junia yanafanyika kila mwaka, mara nyingi Aprili. Poiti za ranki haziishi milele, za mwaka jana zinaondoka mashindano hayohayo yakirudi, kwa hiyo ukikaa nje msimu mzima unashuka hata kama hujapigwa na mtu. Kwenye kombe la dunia la wakubwa 16 bora wa ranki hawachezi siku ya kwanza, wengine wote mnapitia makundi, na wengi wenu mchujo pia. Ndo maana kijana aliyetesa kwenye junia anaingia wakubwa na anakaa miaka miwili akitolewa siku ya kwanza, na wengi wanaacha hapohapo. Ni kawaida. Panga mapema kwamba miaka hiyo miwili utapigwa, chagua mashindano machache, na usipime maendeleo kwa nafasi, pima kwa idadi ya mechi za makundi ulizoshinda.

Timu usiidharau. Ni watatu na mmoja wa akiba, mizunguko tisa, mnapokezana mpaka poiti 45. Na kwenye njia ya Olimpiki timu ikifuzu, wachezaji wake watatu wanapata na nafasi ya mmoja mmoja, wasio na timu wanagombania zile chache zilizobaki kwa ranki na kwa kanda zao. Nchi ndogo nyingi zinaingia kwa mlango huo mwembamba. Na Afrika kuna aliyefika mbali, Alaaeldin Abouelkassem wa Misri alifika fainali ya London 2012 akapoteza 15-13 kwa Lei Sheng wa China, akachukua fedha, medali ya kwanza ya Afrika kwenye vitara vya Olimpiki. Cheung Ka Long wa Hong Kong kachukua dhahabu mbili mfululizo, Tokyo na Paris.

Hela sasa. Foili hailipi, tusidanganyane. Italia wachezaji wengi wakubwa wameajiriwa kwenye vikosi vya michezo vya polisi na jeshi, Valentina Vezzali aliyechukua dhahabu tatu mfululizo za mmoja mmoja, 2000, 2004 na 2008, alikuwa wa polisi. Marekani njia ni vyuo, Lee Kiefer alishinda Tokyo akiwa anasomea udaktari na akarudia Paris 2024. Kama nchi yako haina mpango kama huo basi safari unalipa mwenyewe au mzazi, kwa hiyo shule au kazi usiiache, na kabla ya kulipia mashindano ya mbali jiulize kama unaenda kutafuta poiti au unaenda kupiga picha.

Mwili nao utadai. Mchezo ni wa upande mmoja, paja la mbele linakua kuliko la nyuma, mkono wa silaha unanenepa, mgongo unavutwa. Mara mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu ya pande zote, na lanji piga na za upande wa pili hata bila upanga. Nyonga, msuli wa nyuma ya paja, kifundo cha mguu wa nyuma na ile kano ya kisigino ndo vinavyokwenda kwanza. Mimi kano ya kisigino ilininyima msimu mzima, kwa sababu niliona kupasha mwili ni kwa wazee.

Ukimaliza wakubwa hujamaliza foili. Ukishafika 40 unaingia veterani, mtoano wao ni poiti 10 badala ya 15, na usidhani ni pikiniki, wale wazee hawakimbii, wanakusubiri tu unyooshe mkono kwa kuchelewa. Mtihani wa urefa wa taifa ufanye ukiwa bado unacheza, usingoje kustaafu, maana macho bado ni makali na majina ya wachezaji unayajua, na wiki ambazo umeumia badala ya kukaa nyumbani unaenda kusimama pembeni ya pisti na kunyoosha mkono upande ambao mtu mmoja hatakubali.